Nyumba ya Scott Joplin katika Mji wa St. Louis

Katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri huko Marekani, kungali nyumba ya matofali kwenye barabara ya Delmar, namba 2658. Zamani barabara hiyo iliitwa Morgan. Humo alipanga Scott Joplin pamoja na mke wake Belle, miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Baba yake, Giles, alizaliwa mtumwa. Mama yake, Florence, alisafisha nyumba za Wazungu, na mtoto alipata kugusa piano kule kule mama alikofanya kazi. Mwalimu mmoja Mjerumani, Julius Weiss, alimfundisha bila malipo. Baadaye, katika mji wa Sedalia, Joplin alisoma muziki kwenye koleji ya Wamethodisti iliyowekwa kwa ajili ya watu weusi, na usiku akapiga piano kwenye vilabu. Watu wengi wa kanisa waliudharau muziki ule wa regitaimu kwa sababu ya mahali ulipopigwa. Wapendwa, sisi tuliobishana miaka mingi juu ya ngoma ibadani tunaijua hukumu ya namna hiyo.

Mwaka wa 1899 alitoa “Maple Leaf Rag”. Mapatano yake na mchapishaji John Stark yalimpa senti moja kwa kila nakala: pesa kidogo, lakini wakati ule watunzi weusi wengi waliuza wimbo mara moja na kubaki mikono mitupu.

Alipokuwa akikaa St. Louis, mwaka wa 1902, alitoa “The Entertainer”. Alitunga pia opera juu ya chakula cha jioni ambacho Booker T. Washington alikula na Rais Roosevelt mwaka wa 1901. Maandishi ya opera hiyo yalipotea, hayajaonekana hata leo. Binti yao alikufa akiwa mchanga, na ndoa ikavunjika.

Opera ya pili, “Treemonisha”, inasimulia msichana aliyesoma ambaye anawaongoza watu wake watoke katika hofu ya wachawi. Joplin aliichapisha kwa mfuko wake mwenyewe mwaka wa 1911, huko New York, wala hakupata mtu wa kuionyesha ipasavyo. Alikufa hospitalini tarehe 1 Aprili 1917. Kaburi lake lilikaa bila jina hadi 1974. Tuzo ya Pulitzer ilikuja 1976, yeye hayupo.

Mwaka huo huo nyumba iliandikwa kati ya majengo ya historia ya taifa, na tangu 1991 wageni wanaingia.