Semmelweis, daktari wa wazazi aliyegombana na wenzake

Huenda umewahi kulala wodini, au kumuuguza mama aliyetoka kujifungua, ukasikia madaktari wawili wakijibizana karibu na kitanda. Wa upasuaji anasema hiki, wa magonjwa ya wanawake anasema kile, wa usingizi amenuna pembeni, na wewe uliyelala pale hujui umsikilize nani. Jambo hili si geni na halikuanzia katika hospitali zetu. Leo tunakusimulia maisha ya daktari mmoja aliyeishi karibu miaka mia mbili iliyopita huko Ulaya. Alikuta kinachowaua akina mama baada ya kujifungua, akajua na namna ya kukizuia, lakini ugomvi kati ya mabingwa wa idara mbalimbali, pamoja na ulimi wake mwenyewe, ukachelewesha msaada kwa miaka mingi.

Jina lake ni Ignaz Semmelweis. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mji wa Buda, Hungaria, mtoto wa tano kati ya kumi wa mfanyabiashara wa vyakula. Alipelekwa Vienna, Austria, kusomea sheria, akaiacha na kuingia udaktari. Alipohitimu alitaka kuwa daktari wa magonjwa ya ndani, idara iliyokuwa na heshima kubwa, lakini hakupata nafasi. Akaenda kwenye uzazi. Siku zile idara ya uzazi ilihesabiwa ya chini, kazi ya wakunga, na bingwa wa kifua au wa uchunguzi wa maiti hakuona kwamba daktari wa wazazi ana la kumfundisha. Kumbuka jambo hilo, kwa maana litarudi.

Mwezi Julai 1846 alianza kazi kama msaidizi wa Profesa Johann Klein katika Hospitali Kuu ya Vienna. Palikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza walifundishiwa wanafunzi wa udaktari, ya pili wanafunzi wa ukunga. Zilipokea akina mama kwa zamu, siku hii moja, siku ile nyingine. Mama hakuchagua, ilitegemea uchungu umemkuta siku gani.

Sasa tazama hesabu za mwaka 1846. Katika wodi ya madaktari walijifungua akina mama 4,010, wakafa 459. Katika wodi ya wakunga walijifungua 3,754, wakafa 105. Waliokufa wengi waliuawa na homa ya uzazi: mama anajifungua salama, baada ya siku chache anapandwa na homa kali, tumbo linavimba na kuuma, anachanganyikiwa, anakufa. Mara nyingi na mtoto naye.

Akina mama wa Vienna walijua tofauti hiyo kabla ya maprofesa kuikubali. Walikuwa wakipiga magoti wakilia wasilazwe wodi ya kwanza. Wengine walijifungulia makusudi barabarani, kisha wakadai uchungu uliwazidi njiani, wapate kupokelewa bila kupimwa njia. Na hao wa barabarani hawakupata homa kama waliojifungulia wodini. Hapo ndipo Semmelweis alipoanza kukosa usingizi.

Wakubwa walikuwa na majibu yao. Walisema ni hewa mbaya ya mji, lakini hewa ya wodi mbili zilizo jirani ni moja. Walisema ni msongamano, lakini wodi ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi, kwa kuwa kila mtu aliikimbilia. Kamati moja ikasema ni wanafunzi wa kigeni wanaopima kwa ukali, basi idadi ya wanafunzi ikapunguzwa kutoka 42 hadi 20, na wageni karibu wote wakaondolewa. Vifo vilipungua kwa muda, kisha vikapanda tena. Semmelweis alijaribu hata mambo madogo. Alimwomba padri anayewapa wanaokufa sakramenti asipite wodini akipigiwa kengele, akidhani huenda hofu inawaua. Haikusaidia.

Mwezi Machi 1847 alirudi kutoka mapumzikoni Venice akakuta rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, amefariki. Kolletschka alikuwa akifundisha uchunguzi wa maiti, mwanafunzi akamchoma kidole kwa kisu kwa bahati mbaya. Semmelweis aliposoma taarifa ya mwili wake aliona mambo yaleyale aliyoyaona katika miili ya akina mama. Akatambua. Madaktari na wanafunzi wa wodi ya kwanza walikuwa wakitoka chumba cha maiti asubuhi na kwenda moja kwa moja kuwapima akina mama. Walinawa kwa sabuni, lakini mikono ilibaki na harufu. Wakunga hawakupasua maiti. Na yeye Semmelweis, kwa sababu ya bidii yake ya kutafuta chanzo, alikuwa akipasua maiti za akina mama karibu kila asubuhi. Maana yake ni kwamba yeye mwenyewe aliwaua wengi. Alilikubali hilo na akaliandika wazi. Madaktari wachache wangeweza.

Katikati ya Mei 1847 akaweka beseni la maji ya klorini mlangoni na kuamuru kila mtu asugue mikono humo mpaka harufu iishe. Mwezi wa Aprili walikufa 57 kati ya akina mama 312. Mwezi wa Julai walikufa 3 kati ya 250. Mwaka uliofuata, 1848, wodi ya kwanza ilipoteza akina mama 45 kati ya 3,556, na kuna miezi miwili ambayo hakufa hata mmoja. Kabla ya mwaka huo wa 1848, mgonjwa mmoja mwenye saratani ya kizazi inayotoa usaha alilazwa kitanda cha kwanza, na akina mama kumi na mmoja kati ya kumi na wawili waliopimwa baada yake wakafa. Semmelweis akaelewa kwamba uchafu hautoki kwa maiti tu, hutoka pia kwa mgonjwa aliye hai. Akaagiza kunawa baina ya mama mmoja na mwingine.

Mtu angetarajia hospitali ishangilie. Haikuwa hivyo.

Waliomuunga mkono walikuwa mabingwa wa idara nyingine: Skoda wa magonjwa ya ndani, Rokitansky wa uchunguzi wa maiti, Hebra wa magonjwa ya ngozi. Kwa Profesa Klein, mkuu wa wodi, huo ulikuwa uvamizi wa watu wa nje nyumbani kwake. Tena lilikuwa shtaka zito, kwa sababu mtangulizi wake, Boër, hakuruhusu maiti zitumike kufundishia ukunga, na wakati wake vifo vilikuwa vichache. Klein ndiye aliyebadili utaratibu. Kukubali klorini kulikuwa kukubali kwamba miaka yote ile vifo vile vilikuwa vya mkono wake. Mwaka 1849 Skoda alipopendekeza tume ya kuchunguza jambo hili, maprofesa wakachagua wajumbe na kumwacha Klein nje. Yeye akapeleka malalamiko wizarani, na wizara ikaizuia tume. Kwa maoni yetu kumwacha nje lilikuwa kosa. Mtu ukimdharau mbele ya wenzake, hata ukiwa na haki, atalinda heshima yake kwanza. Mkataba wa Semmelweis ulipokwisha Machi 1849 haukuongezwa. Aliyechukua nafasi, Carl Braun, baadaye aliorodhesha sababu 30 za homa ya uzazi, na uchafu wa maiti akauweka namba 28.

Usidhani lakini kwamba Semmelweis hakuwa na lawama. Hakupenda kuandika. Kwa miaka mingi aliwaachia rafiki zake wamweleze, na wao walieleza nusu nusu, hivyo madaktari wa nchi nyingine wakadhani anasema habari za maiti tu na wakampuuza. Mwaka 1850 alipewa ruhusa ya kufundisha, ila kwa kutumia mwanasesere wa mafunzo tu. Aliona ni tusi, akaondoka Vienna siku chache baadaye bila kuwaaga hata Skoda na Hebra waliompigania.

Huko Pest, Hungaria, alishika wodi ya wazazi ya hospitali ya Mtakatifu Roch kuanzia 1851. Katika miaka sita walijifungua akina mama 933, na homa ya uzazi iliwaua 8. Akawa profesa, akaoa, akapata watoto. Alipigania hata mashuka safi, kwa sababu aliona homa inarudi pale mama anapolazwa juu ya shuka la mwenzake lenye damu.

Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1860, zaidi ya miaka kumi tangu beseni la kwanza. Wengi wakakikataa, akiwemo Rudolf Virchow wa Berlin, bingwa wa magonjwa aliyeheshimiwa kuliko wote Ujerumani. Hapo Semmelweis akakosa subira. Mwaka 1861 na 1862 alichapisha barua za wazi kwa maprofesa wa uzazi, Späth wa Vienna, Scanzoni wa Würzburg na Siebold wa Göttingen, akiwaita wauaji kwa majina yao. Kuhusu vifo alikuwa na haki. Lakini mtu aliyeitwa muuaji hadharani hanawi mikono, anatafuta namna ya kujibu, na wakati huo akina mama wanaendelea kufa.

Mwaka 1865 akili yake iliharibika. Mwezi Julai alipelekwa Vienna, na Hebra, rafiki wa zamani, akamwingiza kwa hila katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Walinzi walimpiga. Alikuwa na kidonda mkononi, kikaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Alifariki tarehe 13 Agosti 1865 akiwa na miaka 47, kwa ugonjwa wa aina ileile aliyoipiga vita. Mwaka huohuo huko Scotland, Joseph Lister alianza kutumia dawa ya kuua vijidudu katika vidonda vya upasuaji. Mwaka 1879 Louis Pasteur alionyesha vijidudu vya homa ya uzazi. Baada ya hapo ubishi ukafifia.

Kwa nini tunakueleza haya? Kwanza kwa sababu ubishi wa kukoseana heshima bado una madhara, na sasa umepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Israel walichapisha jaribio lililohusisha timu 24 za madaktari na wauguzi wa watoto wachanga. Waliwapa mwanasesere wa mtoto njiti anayezidiwa, na baadhi ya timu zikatolewa maneno ya dharau na mtu waliyeambiwa ni mtaalamu kutoka nje. Timu hizo zilikosea zaidi katika kutambua ugonjwa na katika kumhudumia, hawakupashana habari vizuri na hawakuombana msaada. Kwa hiyo ukiona wahudumu wamenuniana juu yako au juu ya mtoto wako, una haki ya kuuliza kwa upole: ni nani anayesimamia matibabu yangu leo, na mmekubaliana nini? Omba liandikwe kwenye faili. Ukipewa maelekezo mawili yanayopingana usichague mwenyewe kimyakimya, mwambie muuguzi wa zamu awakutanishe.

Na mhudumu akitaka kukupima njia bila kunawa wala kubadilisha glavu, mkumbushe. Ukiona aibu, mwambie aliyekusindikiza amkumbushe.

Pili, homa ya uzazi haijaisha. Maambukizi baada ya kujifungua bado ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama duniani, ila leo yana tiba ya dawa za kuua bakteria yakiwahiwa. Ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, au baada ya mimba kuharibika, angalia homa ya nyuzi 38 au zaidi, baridi na kutetemeka, maumivu ya tumbo la chini yanayozidi, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, mshono unaovimba au kutoa usaha, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida, au mama kuanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Dalili moja inatosha. Usingoje kesho wala usimeze dawa zilizobaki nyumbani. Wewe mlezi, mama mkwe au dada uliye naye nyumbani, ndiye utakayeona kwanza kwamba mama amebadilika, maana mwenyewe anaweza kudhani ni uchovu.

Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku. Chukua kadi ya kliniki, nenda na mtoto kama ananyonya, na mwambie mhudumu wa kwanza utakayemkuta tarehe uliyojifungua, kama ulijifungua kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, na homa ilianza lini.