Dk Watanabe: Mjapani aliyeingia ndani ya goti bila kulipasua

Mei 4, 1962, kijana wa miaka 17 alilazwa kwenye meza ya upasuaji jijini Tokyo. Alikuwa ameteguka goti akicheza kikapu. Daktari hakushika kisu kirefu. Alitoboa tundu dogo, akapitisha bomba jembamba lenye taa na lenzi, akaitazama meniskasi iliyochanika, akakikata kile kipande kibovu tu na kukitoa. Baada ya wiki sita dogo alikuwa uwanjani anadunda mpira.

Daktari huyo ni Masaki Watanabe. Mashabiki wengi wa soka hawajawahi kulisikia jina lake, lakini kila wanaposoma kwamba staa wao amefanyiwa upasuaji mdogo wa goti na atarudi baada ya wiki kadhaa, wanasoma habari zake.

Ili kuelewa uzito wa kazi ile, rudi kwanza kwenye zama hizo. Meniskasi ni gegedu laini yenye umbo la mwezi mchanga. Kila goti lina mbili, zimekaa kati ya mfupa wa paja na ule wa muundi, na kazi yake ni kupunguza mshtuko mtu anapokimbia, kuruka na kugeuka. Mchezaji akichana moja, dawa ilikuwa kupasua goti kwa mshono mrefu na kuing'oa yote. Kupona kulichukua miezi, na wengi hawakurudi na kasi yao. Hata waliorudi, uzeeni mifupa ilisagana na wakatembea kwa maumivu. Kwa winga aliyekuwa anaishi kwa kugeuka na kukimbia, ile haikuwa tiba ya kujivunia.

Watanabe alizaliwa mwaka 1911 na akasomea udaktari Tokyo. Mwalimu wake alikuwa Profesa Kenji Takagi, ambaye mwaka 1918 alichukua kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo na kukiingiza kwenye goti la maiti. Takagi hakuwa anafikiria michezo hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa kifua kikuu cha goti, ugonjwa uliokuwa unawaacha watu na magoti yasiyokunja. Kwa Wajapani, ambao enzi hizo walikula, walisoma na kupokea wageni wakiwa wamekaa sakafuni, goti lisilokunja ni balaa kubwa. Alitaka kuuona ugonjwa mapema.

Mwanafunzi alichukua alipoishia mwalimu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Watanabe akiwa Hospitali ya Teishin, Tokyo, alianza kuunda vifaa vyake, kimoja baada ya kingine, akivipa namba. Kingine picha haikuonekana vizuri, kingine hakikufaa kabisa, akaendelea. Mwaka 1957 yeye na wenzake walitoa kitabu cha picha za ndani ya goti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kikaja kifaa Namba 21, na hicho ndicho kilichompa heshima. Picha ilikuwa pana na safi. Kasoro yake ilikuwa balbu ndogo iliyokaa ncha ya mbele, ambayo ingeweza kuvunjika ndani ya goti la mgonjwa. Siyo mchezo.

Mwaka uleule wa 1962, Desemba 26, huko Uingereza, straika wa Sunderland, Brian Clough, aligongana na kipa wa Bury. Ligamenti za goti zikachanika. Clough alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na mabao 251 katika mechi 274 za ligi. Alijaribu kurudi mwaka 1964, akacheza mechi tatu, akaishia hapo akiwa na miaka 29. Tuseme ukweli, kifaa cha Watanabe kisingemwokoa, maana jeraha lile lilikuwa la ligamenti na siyo meniskasi peke yake. Lakini linaonyesha goti lilimaanisha nini kwa mchezaji wa siku zile.

Huku Ulaya na Marekani madaktari wengi walikiona kifaa cha Tokyo kama kitu cha kuchezea. Aliyebadilisha hali ni Robert Jackson wa Canada, aliyefika Tokyo mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki, akamtafuta Watanabe mpaka akampata. Wakakubaliana: mmoja afundishe kuchungulia goti, mwingine afundishe Kiingereza. Jackson alirudi Toronto na ujuzi huo, ukasambaa. Mwaka 1974 chama cha kimataifa cha wataalamu hao kilipoundwa Philadelphia, rais wa kwanza alikuwa Watanabe.

Kuna tatizo moja alilowaachia waliomfuata, nalo ni nafasi. Upande wa ndani wa goti, hasa kwa mtu mwenye goti lililokaza, nyuma kabisa ambako meniskasi huchanika mara nyingi, pengo ni finyu mno. Daktari akilazimisha, chuma kinakwaruza gegedu nzima, au kipande kilichochanika kinabaki bila kuonekana. Msaidizi akisukuma mguu kwa nguvu kutafuta nafasi, ligamenti ya upande wa ndani inaweza kukatika vibaya.

Ndiyo maana leo madaktari wengi huilegeza ligamenti hiyo kwa makusudi. Mguu unasukumwa taratibu kwenda nje, halafu sindano inapita kwenye ngozi na kutoboa nyuzi za ligamenti, hasa za nyuma, mara kadhaa, mpaka goti liachie. Haikatwi yote. Pengo linaongezeka milimita chache tu, lakini kwa mwenye kamera hizo milimita ni uwanja mzima. Kwa shabiki inasikika kama wazimu, kumtibu mchezaji kwa kumtoboa ligamenti nzima. Ila ligamenti hii ina damu ya kutosha na kwa kawaida hujiunga yenyewe bila kushonwa. Baadhi ya madaktari humvalisha mgonjwa kifaa cha kushikilia goti kwa wiki chache, wengine hawaoni haja. Mchezaji anaweza kusikia maumivu upande wa ndani kwa muda, na hapo kocha mwenye haraka ndiye wa kumwogopa.

Watanabe hakustaafu kwa kelele. Mwaka 1970 alitoa kifaa Namba 24, chenye unene wa milimita 1.7, cha viungo vidogo kuliko goti. Alifariki katikati ya miaka ya 1990. Kufikia wakati huo wachezaji walikuwa wanaingia hospitali asubuhi na kutoka jioni wakitembea kwa magongo, na matundu mawili madogo pembeni ya goti.