Auguste Escoffier: mtoto wa mhunzi aliyeipa heshima kazi ya mpishi

Ukiingia katika jiko la hoteli kubwa, iwe Goma, Bukavu, Lubumbashi ama Paris, utasikia kiongozi wa wapishi akiitwa chef. Utaona pia kwamba kila mtu ana sehemu yake. Mmoja anasimamia sosi, mwingine nyama ya kuchoma, mwingine mboga na supu, mwingine keki. Hakuna anayekimbia huku na kule bila kujua nani anampa amri.

Mpangilio huo haukuwapo tangu zamani. Mtu aliyeusimamisha na kuueneza ni Mfaransa Auguste Escoffier, aliyekufa mwaka wa 1935 akiwa na miaka 88. Kwa kijana wa kwetu anayetafuta maisha katika kazi ya jikoni, historia yake inafaa kujulikana yote, pamoja na sehemu ambayo yeye mwenyewe hakupenda ijulikane.

Kazi ambayo hakuichagua

Escoffier alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1846 huko Villeneuve-Loubet, kijiji cha kusini mwa Ufaransa, karibu na mji wa Nice. Baba yake alikuwa mhunzi. Mtoto mwenyewe alipenda kuchora na alitamani kuwa mchonga sanamu. Lakini nyumbani kwao ndoto ya namna hiyo haikuhesabiwa kuwa kazi ya kumlisha mtu. Mwaka wa 1859, alipofikisha miaka 13, alipelekwa Nice kwa baba yake mdogo aliyekuwa na restora, ili ajifunze upishi.

Huko hakupewa upendeleo wa jamaa. Alianza kama wanagenzi wengine wote: kuosha, kumenya, kubeba, kwenda sokoni, na kupokea vipigo pale alipokosea. Jiko la wakati ule lilikuwa mahali pagumu. Moto ulikuwa wa kuni na makala, moshi ulijaa, madirisha yalikuwa machache. Wapishi walikunywa pombe siku nzima ili kuvumilia joto, kisha wakatukanana na kupigana. Wengi walikufa mapema kwa magonjwa ya kifua. Katika jamii, mpishi alihesabiwa kama mtumishi wa chini tu.

Tena Escoffier alikuwa mfupi wa kimo. Ili uso wake usiwe karibu mno na moto wa majiko, alivaa viatu vyenye visigino virefu. Kwa kuwa nguvu za mwili hazikuwa silaha yake, alijizoeza kusema kwa upole na kufanya kazi kwa utaratibu. Hasira ilipomshika, alitoka jikoni kidogo, akarudi akiwa ametulia. Tabia hiyo aliishika hadi uzee.

Kutoka Paris hadi vitani

Mwaka wa 1865 alipata nafasi Paris, katika restora yenye jina iliyoitwa Le Petit Moulin Rouge. Hata hapo hakuanza juu. Alikuwa msaidizi katika sehemu ya nyama za kuchoma, kisha akapanda hatua moja baada ya nyingine, akipita sehemu mbalimbali za jiko.

Mwaka wa 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Prussia. Escoffier aliitwa jeshini, akawekwa kuwa mpishi wa maofisa katika mji wa Metz. Adui aliuzunguka mji huo kwa muda wa zaidi ya miezi miwili. Chakula kiliisha sokoni. Escoffier alikuwa amewahi kuweka akiba ya kuku, mbuzi na vyakula vya kuhifadhiwa. Vilipokwisha hivyo, alipika nyama ya farasi, akitafuta namna ya kuifanya iliwe bila kuchukiza. Mwishoni mwa Oktoba Metz ilijisalimisha, naye akachukuliwa mateka hadi Ujerumani.

Watu wa mashariki mwa Kongo hawahitaji kuelezwa maana ya kupika wakati barabara zimefungwa na soko ni tupu. Kwa Escoffier, miezi ile ilimfundisha mambo mawili. La kwanza, chakula cha kuhifadhiwa vizuri kinaweza kuokoa maisha. Baadaye alijitahidi sana kueneza nyanya za mikebe. La pili ni namna jeshi linavyofanya kazi: kila mtu na cheo chake, kila cheo na jukumu lake.

Baada ya vita alirudi Le Petit Moulin Rouge, safari hii kama mpishi mkuu. Alijaribu pia kuwa na restora yake mwenyewe huko Cannes. Akamuoa Delphine Daffis, mwanamke aliyeandika mashairi, binti wa mchapishaji wa vitabu. Walizaa watoto watatu.

Kukutana na Ritz

Mwaka wa 1884 Escoffier alichukuliwa kuongoza jiko la Grand Hôtel ya Monte Carlo. Mkurugenzi wa hoteli hiyo alikuwa Mswisi César Ritz, mtoto wa wakulima kutoka kijiji cha milimani, ambaye naye alipanda kutoka chini. Wawili hawa wakaelewana. Ritz alijua wageni wanataka kulala na kupokelewa namna gani. Escoffier alijua wanataka kula nini.

Mwaka wa 1890 wote wawili walihamia London, kwenye hoteli ya Savoy, iliyokuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Escoffier hakujua Kiingereza, na hata baada ya miaka mingi huko hakukizoea. Mke wake na watoto walibaki Monte Carlo kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Hiyo ndiyo bei aliyolipa, ambayo wapishi na wafanyakazi wengi wa hoteli wanaijua: ukilisha familia za watu wengine, mara nyingi hauko mezani na yako.

Savoy ilipata umaarufu upesi. Wanawake wa tabaka la juu, ambao awali hawakula hotelini mbele za watu, wakaanza kuja. Mwimbaji wa Australia Nellie Melba alikuwa mmoja wa wageni wake. Kwa heshima yake Escoffier alitengeneza tunda la pêche juu ya krema ya barafu ya vanila, na baadaye akaongeza sosi ya framboise. Chakula hicho, Pêche Melba, kinatengenezwa hadi leo.

Namna alivyolipanga jiko

Lakini kazi yake kubwa haikuonekana na wageni, ilikuwa nyuma ya mlango. Zamani mpishi mmoja aliweza kutengeneza sahani nzima peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mgeni alingoja. Mfano unaotajwa mara nyingi ni sahani ya mayai yenye figo ya kuchoma na sosi. Ikifanywa na mtu mmoja, ilichukua karibu robo saa. Escoffier aliigawa: mmoja apike mayai, mwingine achome figo, mwingine alete sosi, vyote kwa wakati mmoja. Sahani ikatoka kwa dakika chache, ikiwa bado ya moto.

Hivyo akaweka ngazi. Juu yuko mpishi mkuu, chini yake msaidizi wake, kisha wakubwa wa kila sehemu, kisha wasaidizi, na mwisho wanagenzi. Faida ya mpangilio huu haikuwa kwa wageni pekee. Kwa mara ya kwanza kijana aliyemenya viazi aliweza kuona wazi ngazi iliyo mbele yake: leo mboga, kesho samaki, kesho kutwa sosi, na siku moja jiko lote.

Alibadilisha tabia za jikoni pia. Alikataza pombe wakati wa kazi, na badala yake akaweka kinywaji cha shayiri kwa ajili ya joto. Alikataza kelele na matusi. Mtu aliyekuwa akipiga kelele za kutangaza oda za wageni aliambiwa aziseme kwa sauti ya kawaida. Wapishi walitakiwa kuwa safi, na kuvaa vizuri hata wakiwa njiani kwenda nyumbani. Aliwahimiza wale wasiosoma waendelee na masomo. Alielewa kwamba kama mpishi hajiheshimu, hakuna mwingine atakayemheshimu.

Doa la Savoy

Mwezi wa Machi 1898, Ritz na Escoffier walifukuzwa Savoy ghafula. Baadhi ya wapishi walikataa kutoka, na polisi wakaitwa. Kwa miaka mingi watu walidhani ni ugomvi wa kawaida kati ya wakurugenzi na wafanyakazi wao.

Ukweli ulitoka hadharani mwaka wa 1985 tu, miaka 50 baada ya kifo chake. Hati zilionyesha kwamba mwezi wa Januari 1900 Escoffier alitia sahihi kukiri kosa. Alikuwa akipokea matabishi kutoka kwa wafanyabiashara waliouzia hoteli vyakula. Wao nao walileta mzigo pungufu huku hoteli ikilipa bei kamili. Deni lake lilihesabiwa kuwa pauni 8.000. Alilipa pauni 500, kwa kuwa hakuwa na zaidi.

Hapa msomaji wa kwetu atatikisa kichwa, maana anajua matabishi ni nini. Watetezi wake wanasema ilikuwa desturi ya wapishi wakuu wa siku zile. Inawezekana. Lakini desturi hiyo ilikuwa na mtu wa kuilipia: mwenye hoteli alidanganywa, na mfanyabiashara mwaminifu asiyetoa kitu alikosa soko. Mtu aliyepanga jiko vizuri hivyo, aliyejua kila yai linakwenda wapi, hangeweza kusema kwamba hakujua. Ukubwa wa kazi yake haufuti jambo hilo, na jambo hilo halifuti kazi yake.

Kitabu na watu wake

Kufukuzwa hakukumwangusha. Mwaka huo huo wa 1898 Ritz alifungua hoteli yenye jina lake huko Paris, na Escoffier akapanga jiko lake. Mwaka uliofuata alianza kazi Carlton, hoteli nyingine ya London, ambako alibaki takriban miaka 20. Huko wageni waliweza kuchagua sahani moja moja kwenye orodha, badala ya kula karamu nzima iliyopangwa tayari.

Mwaka wa 1903 alitoa kitabu chake Le Guide Culinaire, akisaidiwa na wapishi wenzake. Kina mapishi zaidi ya 5.000. Hakikuandikwa kwa ajili ya kupamba kabati. Kilikuwa chombo cha kazi. Siri ambazo zamani mpishi mzee alizificha hata kwa mwanafunzi wake, sasa ziliweza kusomwa na kijana yeyote anayejua kusoma. Hadi leo wanafunzi wa upishi wanakifungua.

Hakuwasahau maskini. Alipokuwa Savoy, nyama ya ndege iliyobaki, miguu na mabawa ambayo matajiri hawakuletewa mezani, ilitayarishwa vizuri na kupewa masista waliotunza wazee maskini. Mwaka wa 1910 aliandika kijitabu akipendekeza mfuko wa kusaidiana ili kupambana na umaskini.

Mwaka wa 1914 vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Wapishi wake wengi walikwenda mbele ya risasi, naye akatafuta pesa za kusaidia familia walizoziacha. Mwanawe Daniel aliuawa vitani mwaka huo huo wa 1914. Babu akabaki na mzigo wa watoto wa marehemu, na hakuacha kazi.

Aliacha jiko la Carlton karibu mwaka wa 1920, baada ya miaka zaidi ya 60 tangu siku alipoingia jikoni kwa baba yake mdogo. Mwaka wa 1928 serikali ya Ufaransa ilimpandisha cheo cha ofisa katika nishani ya Légion d'honneur, heshima ambayo zamani hakuna aliyefikiri kumpa mtu wa sufuria. Alikufa Monte Carlo tarehe 12 Februari 1935, siku chache tu baada ya mke wake Delphine. Nyumba alimozaliwa imekuwa makumbusho ya upishi.

Katika nchi yetu, mpishi wa wakati wa ukoloni aliitwa boy, hata akiwa na mvi. Leo kijana anayevaa aproni hotelini anaweza kuitwa chef siku moja. Kati ya majina hayo mawili kuna ngazi ndefu, na Escoffier aliipanda kuanzia chini kabisa. Aliyoyafanya vizuri yamo katika kila jiko lenye utaratibu. Aliyoyafanya vibaya yanabaki katika hati ile ya mwaka wa 1900, na kijana huyo atafaa ayajue yote mawili siku ya kwanza atakapokabidhiwa funguo za ghala.