Joseph Cimpaye: Waziri Mkuu aliyegeuka mwandishi wa riwaya gerezani

Katika historia ya siasa za Burundi, Joseph Cimpaye hutajwa kwa haraka. Aliongoza serikali ya mpito kuanzia Januari hadi Septemba 1961, wakati Bujumbura ikiitwa bado Usumbura na nchi ikiwa chini ya udhamini wa Ubelgiji. Uchaguzi wa Septemba mwaka huo ulikipa chama cha UPRONA viti 58 kati ya 64, na Mwanamfalme Louis Rwagasore akashika nafasi yake. Wiki mbili baadaye Rwagasore akauawa.

Lenye uzito zaidi, nalo wengi hawalijui, ni kazi aliyoianza Cimpaye alipokwisha kupoteza kila cheo. Alikamatwa mwaka 1969, enzi za utawala wa Michel Micombero. Gerezani akashika kalamu, akaandika kwa Kifaransa riwaya aliyoiita L'Homme de ma colline, yaani Mtu wa Kilima Changu.

Njia ilikuwa bado haijafyekwa. Waswahili walikuwa na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela tangu 1934, na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert tangu 1952. Burundi, pamoja na utajiri wake wote wa ngano zinazosimuliwa kando ya moto, ilikuwa haijajenga desturi ya riwaya. Padri Michel Kayoya alikuwa amechapisha kitabu Bujumbura mwaka 1968, lakini hicho ni mchanganyiko wa tafakuri na ushairi. Mtu aliyezoea hotuba na nyaraka za serikali alilazimika, basi, kujifunza kazi nyingine kabisa: hotuba hutoa hukumu mapema, ilhali riwaya humwacha mhusika atende kwanza. Jina la kitabu lenyewe laonyesha alikoanzia. Hakuanzia ikulu, alianzia kilimani, mahali ambapo Mrundi huzaliwa, hulima na hutambulikana kwa majirani. Kwa mwanasiasa, uamuzi huo si mdogo.

Mauaji ya mwaka 1972, yaliyowalenga hasa Wahutu waliosoma, yaliwakumba wote wawili, yeye na Kayoya. Cimpaye alikuwa na umri wa miaka 40 hivi. Muswada wake ulikaa bila kuchapishwa hadi 2013, miaka 41 baada ya kifo chake, na ndipo wasomaji walipoanza kumhesabu miongoni mwa waanzilishi wa riwaya ya Burundi.