IBN BASSAL: MWANACHUONI ALIYEUSOMA UDONGO

Ndugu wanafunzi, katika kurasa hizi tumezoea kuwaelezea mafakihi, matabibu na wanafalaki wetu waliotangulia. Safari hii tumeona tumtaje mtu ambaye ilimu yake ilikuwa chini ya miguu yake. Naye ni Abu Abdillah Muhammad bin Ibrahim, mashuhuri kwa jina la Ibn Bassal, aliyeishi Andalusi (Hispania ya leo) katika karne ya 11 Miladia.

Alikuwa mtu wa mji wa Toledo. Huko alimtumikia mfalme al-Ma'mun, akitunza bustani yake kando ya mto Tagus. Alikwenda kuhiji, na njiani akapita Sisilia na Misri, akitazama namna watu wanavyolima.

Ibn Bassal hakuuona udongo kuwa ni kitu kimoja. Aliugawa mafungu kumi, ukiwemo ulio laini, mzito, wa kichanga, wa milimani, mweusi, mweupe na mwekundu. Kila fungu alilieleza tabia yake: lina joto au baridi, linashika maji au linayapoteza, lafaa mmea gani na kwa msimu upi. Alifundisha kuwa ardhi iliyopumzishwa ilimwe mara nne baina ya Januari na Mei, ipate jua na hewa. Kwa pamba katika udongo mzito, ilimwe hata mara kumi. Samadi nayo aliipambanua aina kwa aina, kwani isiyofaa huunguza mmea badala ya kuulisha.

Kisha ukaja mtihani. Mwaka 1085, sawa na 478 Hijria, Toledo ilitekwa na mfalme Alfonso wa Sita. Ibn Bassal akahamia Seville. Miti aliyoilea kwa miaka aliiacha, lakini ilimu aliondoka nayo. Alianza upya katika udongo mwingine, akamtengenezea bustani mfalme al-Mu'tamid na kuwafundisha wengine, akiwemo al-Tighnari wa Granada.

Kitabu chake kikubwa cha kilimo hakikutufikia kamili. Kilichobaki ni muhtasari wa milango 16, uliochapishwa Tetouan, Moroko, mwaka 1955. Hata hivyo Ibn al-Awwam wa Seville alimtegemea sana, na katika karne ya 14 maneno yake yalikuwa yamefika Yemen, katika kitabu cha kilimo cha mfalme al-Afdal.

Leo wataalamu wanatufahamisha kuwa kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba kina vijidudu kwa mamilioni. Hao ndio wanaoozesha majani na mizoga na kuirudisha kuwa chakula cha mimea. Tabaka hilo la juu huchukua mamia ya miaka kujijenga, na mvua chache kubwa zaweza kulichukua lote pale ardhi inapoachwa tupu.

Basi tuzingatie. Tunapochoma majani yaliyoanguka tunaunyima udongo chakula chake, na tunapokata miti ya mteremkoni tunaufungulia njia ya baharini. Ibn Bassal aliweza kuhama na kuanza upya kwa kuwa alikohamia alikuta udongo. Sisi tukiumaliza wetu, tutahamia wapi?

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atunufaishe kwa ilimu yake. Amin.