Mwalimu na Kipindi cha Dini

Watoto wetu waliozaliwa Sweden wanaijua picha yake: mzee mwembamba, kifimbo mkononi, meno ya mbele yamechongwa ncha kwa desturi ya Wazanaki. Wanajua pia kwamba huyu ndiye Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyetuongoza kupata uhuru Desemba 9, 1961. Wasilolijua wengi wao ni kwamba swali ambalo wazazi wao huulizana hapa Stockholm kila watoto wanapofikia umri wa shule, yaani shule ya serikali ifanye nini na dini, yeye alikutana nalo akiwa mtoto wa miaka kumi na mbili, na likamfuata mpaka Ikulu.

Alizaliwa Butiama, upande wa mashariki ya Ziwa Victoria, Aprili 13, 1922, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mgaya, alikuwa wa tano. Dini ya nyumbani ilikuwa ya mababu. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya bweni ya Mwisenge, mjini Musoma, ambayo haikuwa shule ya misheni. Mtoto aliyetaka kujifunza dini aliifuata mwenyewe, na Kambarage alikuwa mmoja wa walioifuata. Akiwa na rafiki yake alikuwa akienda Nyegina, kwa Mapadri Weupe, kusikiliza katekisimu. Kusoma na hesabu alivipata darasani. Dini aliiendea kwa miguu.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi hudhani Nyerere ni zao la shule za misheni. Sivyo. Kutoka Mwisenge alikwenda Shule ya Serikali Tabora mwaka 1937, na huko pia masomo ya Ukatoliki aliyapata pembeni, kwa hiari yake. Hakubatizwa upesi. Baba yake alifariki mwaka 1942, na Desemba 1943, tayari akiwa mwanafunzi wa Makerere, alirudi Nyegina akabatizwa kwa jina la Julius. Alikuwa mtu mzima wa miaka 21. Tangu siku alipoanza kusikiliza katekisimu mpaka siku ya maji ilikuwa imepita karibu miaka kumi, na katika miaka hiyo hakuna shule iliyomwekea sharti lolote la dini.

Misheni alikuja kuijua zaidi akiwa mwalimu. Alipotoka Makerere angeweza kufundisha shule ya serikali, akachagua St. Mary's, Tabora, ya Mapadri Weupe. Mkuu wake, Padri Richard Walsh, ndiye aliyemsaidia kupata nafasi ya kwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Aliporudi na shahada alifundisha St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na kutoka Pugu alikuwa akishuka mjini kwenye siasa. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata aliambiwa achague kati ya chaki na chama, akaacha kazi. Jina la Mwalimu hakuliacha.

Mjini Dar es Salaam alikutana na upande wa pili wa jambo hili. Waliompokea, waliompa nyumba za kukutania na waliomtembeza mitaani wengi wao walikuwa Waislamu: akina Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, Sheikh Hassan bin Ameir, Bibi Titi Mohamed. Wengi wa watu hao walikuwa werevu kuliko vyeti vyao. Sababu haikuwa uvivu. Zaidi ya nusu ya shule za Tanganyika zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliyempeleka mwanawe huko aliogopa atarudishiwa mtoto mwenye jina jingine na sala nyingine. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Simulizi za watoto waliopewa majina ya Kikristo ili wapate nafasi ziko katika koo nyingi za pwani, na pengine hata katika familia zinazosoma jarida hili. Serikali ya Waingereza iliwapa misheni ruzuku na kuona mzigo umepungua.

Basi uhuru ulipokaribia, wapo waliouliza nani atautawala. Chama cha AMNUT kilitaka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wafikie wenzao kielimu. Ndani ya TANU yenyewe Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa wazee, aliuliza swali la namna hiyo hadharani, na mwaka 1958 alifukuzwa chamani. TANU ilikuwa na haki ya kukataa uhuru usingojee. Lakini kumfukuza mzee aliyeuliza hakukulijibu swali lake, na Nyerere nadhani alilijua hilo, maana aliendelea kulifanyia kazi miaka kumi baadaye.

Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi kiasi: kuanzia mwaka 1962 shule ziliacha kutenganisha Wazungu, Wahindi na Waafrika. Dini ilisubiri. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Shule za madhehebu zilizokuwa zikipata ruzuku zilitaifishwa. Pugu, alikofundisha yeye mwenyewe, ikawa ya serikali. Shule ya Aga Khan ya Dar es Salaam ikawa Tambaza. Seminari tu ndizo zilizobaki kwa makanisa. Wapo mapadri na wachungaji walioumia sana, nao hawakuwa wa Roma tu. Kanisa la hapa Sweden nalo lilikuwa na watu wake Bukoba kwa miaka mingi.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Angeweza kuiondoa dini shuleni kabisa, kama zilivyofanya nchi kadhaa za kijamaa alizokuwa akielewana nazo. Hakufanya hivyo. Aliacha kipindi cha dini kwenye ratiba. Siku ya kipindi darasa hugawanyika: ustadhi na watoto wake chumba hiki, katekista na wake chumba kile, mchungaji na wake chini ya mwembe ikiwa vyumba havitoshi. Walimu hao huletwa na dini zenyewe. Shule haiulizi mtoto anasali wapi kabla ya kumpa dawati, na kipindi kikiisha wote hurudi kwenye hesabu moja. Huu ni mpangilio wa Mwisenge na Nyegina, ila mtoto hapaswi tena kutembea. Anayefundisha ndiye anayeifuata shule.

Mwaka huohuo wa 1969 Sweden nayo ilikuwa ikimaliza mjadala wake. Somo la Ukristo, lililokuwa limeanza kubadilishwa mapema miaka ya sitini, lilipewa jina jipya katika mtaala wa shule ya msingi: religionskunskap. Waziri wa Elimu alikuwa Olof Palme, ambaye kabla mwaka haujaisha akawa Waziri Mkuu, na baadaye akawa rafiki mkubwa wa Mwalimu. Wasweden walichagua njia nyingine. Watoto wote hukaa chumba kimoja na kujifunza habari za dini zote kutoka kwa mwalimu mmoja asiyeruhusiwa kumvuta mtoto upande wowote. Ndiyo maana kila Juni husikika ubishi kama shule inaweza kufunga mwaka kanisani, na jibu la wakubwa ni kwamba inawezekana, mradi pasiwe na sala wala mahubiri.

Mzazi aliyesoma Tanzania huliona somo hili la huku kama limepungukiwa chumvi: mtoto anaweza kueleza nguzo tano za Uislamu na sakramenti saba na asiwe na hata moja ya kwake. Mtoto naye humshangaa mzazi, kwamba aliachwaje amalize shule bila kujua jirani yake chumba cha pili alikuwa akifundishwa nini. Wote wawili wana hoja. Kipindi chetu kilimlinda mtoto asinyang'anywe dini ya nyumbani, lakini hakikumfundisha dini ya mwenzake.

Wala sheria ya Mwalimu haikumaliza manung'uniko. Desemba 1968, muda mfupi kabla ya kutaifisha, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, iliyokuwa ikijenga shule, ilipigwa marufuku, na BAKWATA ikaundwa. Kwa Waislamu wengi hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko faida ya kufunguliwa milango ya Pugu. Halafu tangu sensa ya mwaka 1967 serikali haikuuliza tena watu dini zao, hivyo anayesema nafasi zimegawanywa sawa na anayesema hazikugawanywa wote hawana takwimu ya kumshinda mwenzake. Nia ilikuwa kuzima moto, moshi ukabaki. Kwa upande mwingine, ifikapo mwisho wa miaka ya sabini karibu kila mtoto wa Tanzania alikuwa na nafasi ya darasa la kwanza, awe wa Ujiji, Kilwa au Moshi, na hakuna aliyebadilishwa jina mlangoni. Madarasa yalijaa mno, vitabu vikawa haba, lakini wengi wa kizazi cha wazazi wetu walioko hapa wasingefika Stockholm bila mlango ule.

Yeye mwenyewe alibaki Mkatoliki wa kwenda misa asubuhi, hata akiwa Rais. Alipostaafu mwaka 1985 alimwachia nchi Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu aliyewahi kuwa mwalimu Zanzibar. Akarudi Butiama kulima, na katika miaka yake ya mwisho alizitia Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi, mtindo wa ushairi uliolelewa na mashekhe wa pwani. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa kwao. Tangu mwaka 2005 Jimbo la Musoma linakusanya ushahidi ili atangazwe mwenye heri. Shule ya Mwisenge ipo hadi leo, na ni ya serikali.