Ge Hong: Mpiganaji Aliyeandika Dawa ya Homa

Askari alalaye porini ana adui mmoja asiyeshika bunduki, naye ni mbu. Katika vita dhidi ya malaria, majeshi mengi yananufaika hadi leo kwa kazi ya Mchina mmoja wa kale aitwaye Ge Hong.

Ge Hong alizaliwa mwaka 283 huko Jurong, karibu na mji wa Nanjing. Baba yake alifariki naye angali kijana mdogo, ikambidi akate kuni na kuziuza ili anunue karatasi na wino. Mwaka 303 yalipozuka maasi, aliongoza kikosi upande wa serikali, akawashinda waasi na kutunukiwa cheo cha jemadari. Hata hivyo, aliweka silaha chini akaenda kutafuta vitabu. Mwishowe alikaa katika mlima Luofu, kusini mwa Uchina, alikofia yapata mwaka 343.

Hatusemi kwamba hakukosea. Kwa miaka mingi alitafuta dawa ya kuishi milele katika zebaki, nayo ni sumu. Lakini aliwahurumia maskini, kwani vitabu vya tabibu vilikuwa vikubwa na dawa zake ghali. Kwa hiyo alitunga kitabu kidogo cha dawa za dharura, cha kuchukuliwa ndani ya mkono wa joho. Humo alieleza kwamba mwenye homa za vipindi achukue konzi moja ya qinghao, mmea wa jamii ya pakanga, auloweke majini, aukamue, anywe maji yake. Hakuagiza uchemshwe.

Mwaka 1967, malaria ilipokuwa ikiangusha askari katika vita vya Vietnam, Uchina ilianza kwa siri kutafuta dawa mpya. Mtafiti Tu Youyou alipoyasoma maelezo hayo, alitambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha, ichemkayo kwenye joto la nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 dawa ikaangamiza vimelea vyote katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe. Hiyo ndiyo artemisinini, msingi wa vidonge mseto vya malaria, iliyompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Ushindi wa Ge Hong vitani wanaukumbuka wachache, bali maelekezo yake mafupi yangali yanaokoa watu. Nguvu yake ilikuwa katika kueleza namna ya kutengeneza dawa. Basi askari asijipikie chai ya majani hayo, kwani kipimo chake hakijulikani, na Shirika la Afya Duniani haliikubali. Akishikwa na homa apimwe damu, kisha ameze vidonge vyote alivyoandikiwa hadi cha mwisho.